Sauti Niliyoifuta Kibondo

Nianze na aibu, maana nikianza na maelezo nitaishia kujitetea, na najijua. Nilifuta sauti ya bibi mmoja wa Kumsenga. Ilikuwa dakika arobaini na moja. Sikuwa na hasira siku hiyo, wala sikubonyeza kitufe kisicho chenyewe. Niliifuta siku niliyofanya kazi yangu vizuri kuliko siku zote, nimekunja mikono ya gauni, naimba kabisa, najiona fundi.

Mimi ni mtoto wa dukani. Baba ana duka la vitambaa na ndoo mjini Kasulu. Babu yake alikuja kutoka pwani na hakurudi, na nyumbani kwetu tumekulia Kiswahili tu. Kiha, lugha ya wenyeji, nakisikia kama mvua ya kwa jirani: najua inanyesha, ila silowi. Nilisomea kompyuta Dar es Salaam, nikarudi, mama zangu wadogo wakanicheka kwamba nimesoma kote huko nije kuuza ndoo. Sikuuza ndoo. Nilipata kazi kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, vyumba viwili Kasulu na chumba kimoja Kibondo. Mashine zote, za huku na za kule, zilikuwa chini yangu, na wenzangu watakuambia kwamba sikupenda mtu mwingine azishike.

Kazi ya ofisi yenyewe ilikuwa hivi. Huku kwetu mpaka wa nchi jirani uko karibu. Mtu wa mjini mbali akiomba kitambulisho cha taifa anaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa kijijini Kibondo anaulizwa pia baba yake alizaliwa kilima gani, na nani alikuwepo. Simlaumu anayeuliza. Watu wamekuja na kurudi tangu kabla sijazaliwa, lugha zinafanana, sura ni zile zile. Lakini anayeulizwa akikosa jibu anabaki hivyo hivyo, si wa huku si wa kule. Sisi tulikuwa tunakusanya majibu: kadi za ubatizo zilizoliwa na mchwa, vyeti vya shule ambayo haipo tena, na pasipo na karatasi yoyote, tunarekodi wazee.

Mzee anasimulia kwa Kiha alichokiona kwa macho yake, sauti inaingia kwenye mashine. Baadaye mtu wetu anaisikiliza na kuiandika kwa Kiswahili. Karatasi inarudi kwa mzee, inasomwa mbele yake kwa Kiha, kilima kwa kilima, jina kwa jina, na akiridhika ndipo anaweka dole gumba. Wazee wa huku hawaweki dole kwenye karatasi ambayo hawajaisikia. Usijaribu, utaitwa mwizi wa mashamba, na hutaalikwa tena kijiji hicho.

Mtu wetu wa Kibondo alikuwa mwalimu mstaafu, Muha, mzee wa sitini na kitu, mwenye maandishi mazuri na mzaha usiokwisha. Alinibatiza jina la Mama Funguo. Nikipiga simu anaitikia, "Marahaba, Mama Funguo, leo umetufungia nini?" Nacheka, lakini inaniuma kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Niliweka sheria kwamba ushahidi usirekodiwe kwa simu ya mtu, hata kwa dakika moja. Kulikuwa na sababu: ushahidi wa mzee mmoja uliwahi kusambaa kwenye simu za watu, ndugu wakagombana hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Basi nikasema simu zinabaki mlangoni, sauti inaingia kwenye kompyuta ya ofisi tu. Niliweka pia sheria kwamba nywila kuu ya seva ya Kibondo naijua mimi peke yangu. Mwalimu alikuwa na nywila ya kufungua mfumo na kurekodi. Ya kugusa seva yenyewe, hapana.

Aliyeleta habari ya bibi wa Kumsenga alikuwa dada mmoja wa miaka ishirini na saba. Alikuwa amemaliza uuguzi. Cheti anacho, nimekiona, kimewekwa ndani ya nailoni kama picha ya harusi. Lakini bila namba ya kitambulisho cha taifa hawezi kusajiliwa wala kuajiriwa. Baba yake alikufa yeye akiwa mgongoni. Mama yake alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, naye alishafariki. Kwa hiyo kila alipokwenda kuomba aliambiwa kwa adabu: dada, wewe upande wa mama tumeuona, upande wa baba uko wapi? Na upande wa baba ulikuwa umebaki mtu mmoja duniani aliyeuona: bibi mmoja jirani, ambaye siku baba wa yule dada anazaliwa alikuwa kigoli aliyetumwa maji mtoni, akarudi akakuta mtoto analia. Hakukuwa na mwingine. Mwalimu alizunguka kijiji cha Kumsenga wiki nzima kwa baiskeli akiuliza, akaniambia, "Binti, ni huyu au hakuna."

Sasa niseme habari ya mashine, na nitaisema polepole kwa sababu ndiyo kosa lenyewe.

Mfumo wetu wa kurekodi niliutengeneza Kasulu, kwenye kompyuta yangu, kwa sababu mtandao wa Kasulu una nafuu. Niliufunga wote pamoja, programu na kila kinachohitajika, katika kitu tunachokiita imeji. Imeji ni kifurushi. Unakibeba kwenye diski ya mkononi, unapanda nacho hadi Kibondo, unakifungua kwenye seva ya kule, kinaanza kufanya kazi. Kikishaanza kazi tunakiita kontena. Ukitaka kuleta toleo jipya, unalitupa kontena la zamani na kufungua kifurushi kipya. Na hapa ndipo pa kukumbuka: ukilitupa kontena, chochote lilichoandika ndani ya tumbo lake kinaondoka nalo. Kwa hiyo vitu vya kudumu haviwekwi ndani. Unachukua folda ya seva, iliyoko nje, unaipachika kwenye kontena, na sauti zinaandikwa humo. Kontena linakuja na kwenda, folda inabaki.

Ila folda ina mwenyewe, na mashine haijui majina ya watu, inajua namba. Mtu wa kwanza kuandikishwa kwenye mashine za aina yetu anapewa namba elfu moja, wa pili elfu moja na moja. Kasulu mimi ni wa kwanza, elfu moja. Kibondo wa kwanza alikuwa fundi aliyenitangulia, akaacha kazi akaenda zake Mwanza, namba yake ikabaki. Mimi kule ni elfu moja na moja. Kwenye kifurushi nilikuwa nimeandika, bila kufikiri, kwamba programu iendeshwe na elfu moja. Kasulu nilipojaribu kila kitu kilikubali. Kibondo nilifungua folda mpya ya sauti kwa mikono yangu, nikahamishia humo sauti za zamani, kwa hiyo ikawa mali ya elfu moja na moja. Kifurushi changu kilipofika, seva ikakiona ni yule aliyekwenda Mwanza, anataka kuandika kwenye folda yangu. Ikamkatalia. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe, na ufunguo mkononi.

Mara ya kwanza ilipokataa sikuelewa. Nilirudi Kasulu nikaongeza mstari kwenye maelekezo ya ujenzi wa imeji, kwamba folda ile ikabidhiwe kwa elfu moja. Imeji ikajengeka bila kulalamika, nikapeleka, nikaiacha pale nikaondoka bila kujaribu kurekodi, kwa kiburi changu. Nilikuwa nimekabidhi folda iliyoko ndani ya kifurushi. Ile ya nje ikipachikwa inaifunika ya ndani yote, pamoja na umiliki wake. Ni kupaka sakafu rangi halafu ukatandika mkeka juu. Rangi ipo, nani ataiona?

Ndipo ikaja siku ya bibi. Nilikuwa Kasulu. Saa nne asubuhi simu ikaita.

"Binti, bibi amefika," mwalimu akasema. "Ameletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga asianguke. Mashine inasema haina ruhusa ya kuhifadhi."

"Zima, washa tena."

"Nimezima mara tatu. Bibi anakohoa. Anauliza kama mashine inamwogopa."

Nilisikia watu wanacheka nyuma yake, na sauti nyembamba ikisema kitu kwa Kiha. Nikajaribu kuingia kwenye seva ya Kibondo kutoka Kasulu. Mtandao wa kule siku hiyo ulikuwa umelala. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: kuikabidhi folda ya nje kwa namba elfu moja. Neno moja, namba moja, jina la folda, basi. Mwalimu angeuandika kwa kusomewa herufi kwa herufi. Huyu ni mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Lakini ili auandike, ningepaswa kumpa nywila kuu.

Sikumpa. Ningependa kusema nilifikiria usalama wa mashahidi. Uongo. Niliona tu kwamba akishaijua sitakuwa na kitu cha peke yangu kule.

Badala yake nikamwambia, "Mwalimu, fungua ukurasa wa mipangilio. Unaona kisanduku cha mahali pa kuhifadhi? Futa kilichomo, andika ninachokutajia." Nikamtajia folda ya muda, iliyoko ndani ya tumbo la kontena. Huko programu ina ruhusa.

"Imekubali!" akapiga kelele. "Mama Funguo, umetufungulia!"

"Ni ya muda tu," nikamwambia. "Nikija nitaweka sawa."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunafundishwa tukiwa darasa la tatu. Mimi niliubandika ufa gazeti.

Bibi akasimulia. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba kabla ya kuanza aliinama akaipigia kompyuta makofi, yale makofi ya taratibu ya salamu ya Waha kwa mtu wa heshima, kwa sababu aliambiwa hiyo ndiyo inayosikiliza. Alitaja kilima, akataja nyumba na mti uliokuwa mbele yake, akataja mkunga, akataja kibuyu alichobebea maji. Dakika arobaini na moja. Yule dada muuguzi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, analia bila sauti. Walipomaliza bibi akasema, leteni karatasi niisikie, nitaweka dole.

Karatasi ilikuwa kwenye foleni. Mwalimu alikuwa na wazee wengine waliotangulia, na anaandika kwa mkono, kwa zamu, bila upendeleo. Hilo nalo tulikuwa tunajisifu nalo.

Wiki tatu baadaye nikaenda Kibondo. Safari hii nilikuwa nimesoma, nimeelewa. Imeji mpya niliijenga vizuri: namba ya mwendeshaji haikuandikwa tena kwa kubahatisha, inaulizwa wakati wa kujenga, nami nikaipa elfu moja na moja, namba yangu ya Kibondo. Nilirudisha mahali pa kuhifadhi kuwa folda ya nje. Kabla ya kugusa chochote nikachukua nakala ya folda ya nje yote, nikahesabu mafaili, nikahesabu tena. Nilijisifu kwa uangalifu wangu. Kisha nikalisimamisha kontena la zamani, nikalitupa, na kwa kuwa diski ya Kibondo ni ndogo nikasafisha mabaki yote, kama ninavyofanya kila mara nikileta toleo jipya. Nikafungua kifurushi kipya. Nikarekodi sauti yangu nikisema moja, mbili, tatu. Ikaingia. Ruhusa safi, umiliki safi. Nikanunua soda mbili, yangu na ya mwalimu.

Nilisahau. Sina neno jingine. Zile wiki tatu nilikuwa nimewaza namba na umiliki mpaka nikasahau kwamba kulikuwa na watu ndani.

Siku ya pili yake, kabla sijaondoka, yule dada akaja. Alikuwa amefunga kanga kichwani kwa namna ya msiba. Alikuwa na kikapu cha maharage mabichi. Bibi amezikwa Jumamosi, akasema. Kikohozi. Tukampa pole, mwalimu akashika kichwa, akasema karatasi ilikuwa ni ya pili kwenye foleni, ya pili tu. Dada akasema hapana mwalimu, usijilaumu, sauti si ipo? Alikuwa ameitwa kwenye kikao cha wilaya wiki mbili zijazo, na ameulizia, sauti ya shahidi aliyefariki inaweza kusikilizwa ikiwa aliyeirekodi ataithibitisha. Kisha akaniangalia.

"Dada, kabla ya mambo ya kikao, naomba niisikie tu. Namkumbuka."

Nikasema, "Hata sasa hivi, mdogo wangu," nikavuta kiti.

Orodha ya mashahidi ilihifadhiwa mahali pengine, nje ya kontena, haikuguswa. Jina la bibi lilikuwepo, tarehe ipo, dakika arobaini na moja zimeandikwa. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Maandishi mekundu: faili halipo. Na hapo, jamani, ndipo nilipokumbuka. Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua, wakati faili la ofisini halihitaji mtandao. Nikamwambia arudi kesho kutwa. Akaacha maharage.

Siku mbili nilijaribu programu za kufufua mafaili. Nilifufua picha za mahafali ya yule fundi wa Mwanza, kavaa joho, kacheka. Nilifufua vipande vya nyimbo. Ya bibi, hata pumzi moja sikupata. Zilikuwa sauti tatu zilizoingia tumboni mwa kontena siku zile, na wale mashahidi wawili wengine walikuwa hai, walirudi wakasimulia upya huku wakinung'unika. Mwalimu aliniletea chai nikiwa nimeinamia mashine. Nikamweleza yote, hata habari ya nywila. Hakunipigia kelele. Alikaa, akavua miwani, akasema, "Ungenisomea tu, binti. Ningeandika." Ningependa angenitukana.

Kesho kutwa dada akarudi, nikamwambia. Sikumwambia vizuri. Nilianza kueleza namba, nikaeleza folda ya ndani na ya nje, nikajisikia mwenyewe ninavyosema upuuzi mbele ya mtu aliyefiwa. Akanikatisha.

"Kwa hiyo haipo."

"Haipo. Nimeifuta mimi."

"Hakuna hata kwenye simu ya mtu?"

"Tuliwakataza simu," nikasema. "Nilikataza mimi."

Akatikisa kichwa, akasema ego, ego, ndiyo ya Kiha, kama mtu anayeitikia maelekezo ya njia. Aliuliza kama mimi nilisikia alichosema bibi. Nikasema sikuwepo, na ningekuwepo nisingeelewa Kiha. Nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana hapo ndipo alipoinuka. Hakulia. Aliniaga kwa heshima zote. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, mwalimu akafunga dirisha watu wasijae.

Kwenye kikao tulikwenda wote watatu. Waliokaa mezani walikuwa watu waungwana, wametoka mikoa mbalimbali, mmoja alikuwa amepata mafua na anaomba radhi kila akipiga chafya. Mwalimu akasimama akaeleza kila alichokumbuka, kilima, mti, kibuyu. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti akamuuliza, "Mwalimu, wewe ulikuwepo siku hiyo?" Akasema hapana, nilisikia kwa aliyekuwepo. "Na maelezo yake yana dole?" Hayana. "Na sauti?" Mwalimu akageukia karatasi zake, kwa kunistahi. Nikasimama nikasema sauti ilipotea kwa uzembe wangu. Nilileta barua pia, nimeiandika kurasa mbili, nimeeleza kitaalamu. Waliisoma, wakaiweka kwenye faili.

Mwenyekiti akaniuliza, kwa kumbukumbu tu, "Na wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Kasulu mjini."

"Haya, asante." Akaandika. Hakuniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nilitamani aniulize, wallahi. Sijui ningemletea shahidi gani.

Waliamua: leteni shahidi mwingine aliyeona, mlango haujafungwa. Nilitoka nje mwalimu ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamjibu vibaya. Nilimwambia mhunzi mwenyewe amekufa, koleo la nini. Nilimwomba radhi baadaye. Alisema sikukosea.

Tulimtafuta huyo mwingine miezi minne. Tuliambiwa kuna mzee mmoja huko Makere, ukoo mmoja na babu wa yule dada, aliyehama zamani kufuata mashamba. Tukaenda. Tulimkuta ameketi nje anaota jua, mzee safi, shati limepigwa pasi. Mwalimu akamsalimu kwa makofi, naye akaitikia kwa makofi, na kwa muda niliona kama tumefika. Akafikiri mimi ni wa chanjo. Akanipa mkono wake, amekunja shati tayari. Mwalimu akamuuliza kuhusu Kumsenga, akasema ndiyo, Kumsenga, pazuri. Akamuuliza kuhusu nduguye, akasema ndiyo. Akamuuliza majina ya watoto wake mwenyewe, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, akacheka kwa haya kama mtoto aliyekosa jibu darasani. Binti yake akasema, "Mwacheni, anachoka." Tukamwacha. Dada hakuwa amekuja siku hiyo, namshukuru Mungu.

Katika miezi hiyo dada alipata kibarua cha usafi kwenye zahanati moja. Nilimpitia mara moja, nikamkuta anapiga deki, ameinua ndoo, na mlangoni mama mmoja amembeba mtoto mwenye homa kali. Muuguzi wa zamu alikuwa ametoka. Dada akaweka ndoo chini, akamgusa mtoto shingoni, akasema maneno mawili matatu, akamwonyesha yule mama jinsi ya kumfunua na kumkanda. Kisha akarudi kushika dekio kwa sababu hana ruhusa ya kufanya zaidi. Nilisimama pale nje na sikuingia. Nilirudi zangu.

Mwezi wa tano tangu kikao akanipigia simu. Alikuwa mchangamfu, au anajikaza.

"Dada, nimeamua niende kwa mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Kaka yake mama. Ng'ambo. Nimepata habari zake kwa watu. Sijawahi kumwona, ila amesema nije, huko watanisaidia karatasi, kwa upande wa mama kuna watu wanaonijua."

"Lakini wewe si wa huko," nikasema. Nilisema hivyo, mimi!

"Najua," akajibu. "Watanicheka ninavyoongea. Lakini dada, nina miaka ishirini na saba, nimesomea kazi. Nitapiga deki mpaka lini?"

Nikamwomba asubiri kidogo, tutatafuta tena. Akauliza, "Mtatafuta nani?" Akanishukuru kwa kila kitu, na najua hakunikebehi, na hilo ndilo nisiloweza kulala nalo. Alisema amepita kwenye kaburi la baba yake kuaga. Akasema nimsalimie mwalimu, akakata.

Mwalimu nilimpa nywila kuu wiki iliyofuata, nimeiandika kwa karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, hakusema mzaha wowote. Tangu siku zile haniiti Mama Funguo. Ananiita kwa jina langu, na mimi namwitikia.

Kilichobaki kilikuwa kufunga faili la yule dada, maana kila faili lisilo na kazi lazima lifungwe na sababu ielezwe. Sababu zinachaguliwa kwenye orodha, nami ndiye niliyeitunga nilipokuwa natengeneza mfumo: amepata, amekataliwa, ameacha mwenyewe, amehama, amefariki. Nilikaa nayo mchana mzima. Nilifikiria kuongeza sababu ya sita, nikajua ningeijenga imeji upya, nikaipeleka, ikasomeka kwenye ripoti, mkuu wangu akaniuliza ni nini hiyo, nami ningemweleza akanielewa, akaniambia nisijitese, mafaili hupotea. Sikutaka kuambiwa hivyo.

Nikachagua "ameacha mwenyewe." Nikahifadhi, nikaenda kula.